Fainali ya Mwalimu na Mkwewe

Jina la Tarumbeta alipewa na mama mkwe wake, na hakupewa kwa mapenzi. Alikuwa mpiga tarumbeta katika bendi iliyokodiwa kwenye harusi na mahafali. Mama mkwe alikuwa mwalimu mstaafu wa historia na jiografia, mtaa mzima ulimwita Mwalimu, na hakuelewa ni kazi gani hiyo ya mke wa mtu kuvimbisha mashavu mbele za watu. "Tarumbeta wako amerudi?" alikuwa akimuuliza mwanawe, na huyo Tarumbeta mwenyewe amesimama palepale mlangoni. Mume, fundi umeme asiyependa ugomvi, angecheka kidogo na kuuliza chai iko wapi.

Mwalimu alihamia kwao baada ya kufiwa na mumewe, na wanawake hao wawili wakawa wanapishana jikoni kama magari kwenye daraja jembamba. Salamu zilikuwepo. Zaidi ya salamu hapakuwa na kitu.

Kilichowapatanisha ni redio. Kila Jumamosi mchana palikuwa na kipindi cha chemsha bongo, cha maswali ya watu wa kale, miji na nchi, mwili wa binadamu na ala za muziki. Mwalimu alikaa mezani akijibu kabla ya washindani, na wakikosea aliwafokea kana kwamba wanamsikia. "Ankara! Ankara, we mtoto! Nani kakwambia Istanbul ndio mji mkuu?" Jumamosi moja mtangazaji akauliza ni ala ipi ya kupuliza ambayo mpigaji hubadilisha sauti kwa kusukuma mrija mbele na nyuma. Mwalimu akanyamaza. Tarumbeta alikuwa akimenya viazi, ameipa redio mgongo.

"Tromboni," akasema bila kugeuka.

Redio nayo ikasema tromboni. Mwalimu akamtazama mkwewe, akauliza taratibu, kama anayetega, "Na saksafoni je? Ni ya shaba, mbona haiwekwi kundi moja na hilo tarumbeta lako?"

"Kwa sababu saksafoni ina kipande chembamba cha mwanzi pale mdomoni, mama. Huo mwanzi ndio unaotetemeka. Kwenye tarumbeta ni midomo yako mwenyewe."

"Haa!" Mwalimu akavuta kiti cha pili. "Acha hivyo viazi. Kaa hapa."

Mume aliporudi jioni alikuta chakula hakijapikwa na wanawake wake wawili wanabishana kuhusu idadi ya vibonyezo vya piano. Alikula mkate mkavu siku hiyo, na hakulalamika.

Wakajiandikisha kushindana kwenye kipindi kile wakiwa jozi, na jina walilojipa ni Mama na Mkwe. Mazoezi yalifanyika jikoni. Somo lililomshinda Tarumbeta ni la mwili, kwa hiyo Mwalimu akamfundisha kwa kumgusa. Alimbonyeza chini ya mbavu za kulia: "Ini hili hapa, ndilo linalotengeneza nyongo." Akahamia kushoto: "Bandama." Akamgeuza kama mtoto anayepimwa nguo: "Figo, moja huku, nyingine huku. Sasa niambie kongosho liko wapi." Tarumbeta alikuwa amelelewa na shangazi asiye na mikono ya kubembeleza. Alisimama katikati ya jiko, akakosea majibu kwa makusudi, ili mikono ile ianze upya.

Raundi ya kwanza walishinda. Watu wakaanza kuwasalimia sokoni. Mwalimu alimwambia muuza nyanya, "Huyu ni mwanangu," na Tarumbeta akajifanya anachagua nyanya, asionekane macho.

Dalili zilianza kidogo kidogo. Jioni moja Mwalimu aliuliza mji mkuu wa Australia, Tarumbeta akajibu Canberra, Mwalimu akafurahi: "Vizuri! Wengi huingia mkenge hapo, wanasema Sydney." Kabla chai haijapoa akauliza tena, akafurahi tena, akasema yaleyale kuhusu mkenge. Tarumbeta akajibu kana kwamba anaulizwa mara ya kwanza. Siku nyingine birika lilikutwa kabatini, kati ya shuka. Tarumbeta akalirudisha jikoni, akateleka chai.

Kisha ikaja asubuhi ambayo fundi viatu wa kona alimleta Mwalimu hadi mlangoni, amemshika kiwiko. "Nimemkuta kule barabara kubwa," akamwambia Tarumbeta kwa sauti ya chini. "Ananiambia anawahi shule, ana mitihani ya kusahihisha." Akaondoka bila kungoja kukaribishwa ndani.

Mwalimu aliketi ukingoni mwa kitanda, viatu bado vi miguuni. Akili ilikuwa imemrudia, na hilo ndilo lililokuwa baya, kwa sababu alijua kilichotokea.

"Usimwambie mwanangu," alisema. "Atanifungia ndani. Nitakuwa mtu wa kulishwa na kuchungwa."

"Mama, tungekwenda tu hospitali, waangalie."

"Tukimaliza mashindano nitakwenda. Kwa miguu yangu mwenyewe." Akamshika mkono. "Niachie hili moja, mwanangu."

Tarumbeta akakubali. Baadaye alipojihoji alijua hakukubali kwa huruma peke yake. Mashindano yakiisha, jikoni kungebaki nini? Angerudi kuwa yule wa mlangoni.

Tangu hapo akawa mlinzi. Kwenye raundi zilizofuata jozi ziliruhusiwa kushauriana, na Mwalimu alipokwama Tarumbeta alimnong'oneza herufi ya kwanza, au aligonga meza kwa kidole, ishara waliyoizoea, au alijibu yeye haraka kana kwamba ana kiherehere. Watu walimwona binti hodari, anayempisha mkwewe ang'are. Nyumbani alimwambia mumewe, "Mama amechoka tu, mazoezi mengi." Uongo ule ulimtoka kwa urahisi uliomtisha yeye mwenyewe.

Wakafika fainali. Wiki ya mwisho mtangazaji alipiga simu kueleza utaratibu: fainali ingefanyika ukumbini, mbele ya watu, na kurushwa moja kwa moja. Kila mmoja angesimama kwenye kipaza sauti chake, na hapangekuwa na kushauriana.

"Hakuna kabisa?" Tarumbeta aliuliza.

"Hakuna kabisa. Kuna tatizo?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Simu ilikuwa sikioni, mtangazaji alikuwa mtu muungwana, sebuleni Mwalimu alikuwa akijisomea ramani na kuimbaimba. Neno moja tu lingetosha: anaumwa.

"Hakuna tatizo," Tarumbeta alisema.

Siku ya fainali Mwalimu alivaa suti yake ya kijivu ya mahafali, akajipaka mafuta, akapendeza. Ukumbi ulijaa. Wapinzani wao walikuwa makarani wawili wa benki, ndugu, wachangamfu. Mume alikuwa kazini, juu ya ngazi chini ya dari ya jengo jipya, redio ndogo imening'inia kando yake.

Mwanzo ulikwenda vizuri. Tarumbeta akajibu ya fidla na ya ngoma. Mwalimu akaulizwa ni mfalme gani wa Ethiopia aliyewashinda Waitaliano Adwa, akasema "Menelik wa Pili" kwa sauti iliyofika hadi viti vya nyuma, na watu wakapiga makofi. Tarumbeta akaanza kuvuta pumzi. Labda tutapita, akawaza. Labda nilikuwa naogopa bure.

"Mwalimu," mtangazaji akasema, "ni kiungo gani cha mwili kinachotengeneza nyongo?"

Mkono wa Mwalimu ukaenda wenyewe chini ya mbavu za kulia. Ukabonyeza pale. Midomo ikafunguka.

"Kile," akasema. "Kile cha hapa. Kile ki... cha hapa."

Watu wakacheka, kicheko cha upendo bado, wakidhani ni mbwembwe. Mwalimu akatazama upande wa mkwewe. Kidole cha Tarumbeta kiligonga nguzo ya kipaza sauti, lakini walikuwa wametengana sana, na kugonga hakukuwa na maana yoyote.

"Muda unakwisha, Mwalimu."

Mwalimu akageukia ukumbi. Uso wake ukakunjamana, kisha ukalainika, ukawa uso wa mtu mwingine, wa miaka mingi nyuma. "Kelele za nini?" akauliza. "Kaeni chini wote. Nani amechukua chaki yangu?"

Hapo ukumbi ulivunjika mbavu. Walicheka hadi wengine wakajipiga mapajani kwa viganja. Mwalimu akapaza sauti, akamnyooshea kidole mzee wa kiti cha mbele na kumwamuru asimame ukutani. Kicheko kikaanza kukatika, safu moja baada ya nyingine, watu walipoona macho yake. Mwishowe alibaki mtu mmoja tu nyuma kabisa akicheka, halafu naye akanyamaza. Mtangazaji alishika karatasi zake kifuani, na redioni ukimya ule ulikwenda hewani wote.

Tarumbeta alivuka jukwaa.

"Twende nyumbani, mama."

"Kengele imelia?"

"Imelia."

Mumewe alifika nyumbani kabla yao. Alikuwa amekaa kizingitini, vumbi la dari kichwani, redio ndogo mikononi. Alimpokea mama yake, akamvua viatu, akamlaza apumzike. Kisha akarudi sebuleni.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

Akamweleza yote: Canberra, birika, fundi viatu, simu ya mtangazaji. Hakujitetea. Alipofika kwenye simu mumewe aliinua mkono kumzuia, kama mtu anayeungua.

"Ulikuwa na nafasi ya kukataa, ukampandisha jukwaani."

"Ndiyo."

"Mafundi wenzangu walicheka. Walikuwa hawajui ni nani. Na mimi nipo juu ya ngazi, nasikia."

Angemtukana ingekuwa nafuu. Alikwenda nje kunawa vumbi, na kwa siku kadhaa akazungumza naye mambo ya chumvi na funguo tu.

Hospitali walikwenda wote watatu. Daktari alikuwa dada mpole mwenye miwani mikubwa. Alianza na maswali mepesi: leo ni siku gani, tuko katika jengo gani, nitajie vitu vitatu nilivyokwambia. Mwalimu alinyoosha mgongo kitini, akashika ukingo wa meza. Alijua mashindano akiyaona. Swali la kwanza lilipomshinda alimgeukia mkwewe, macho yakiwa na tumaini lilelile la jukwaani, akingoja.

Kidole cha Tarumbeta kikainuka. Mumewe akakiona. Tarumbeta akakishusha taratibu, akakikunja ndani ya ngumi na kuiweka ngumi mapajani, na Mwalimu akaendelea kumtazama, bila kuelewa kwa nini leo anaachwa peke yake.

Baada ya vipimo, Mwalimu alipopelekwa kupimwa presha, daktari aliwaeleza kwamba ubongo wake unadhoofika na kumbukumbu zinapotea, na dawa zitapunguza kasi kidogo, hazitaponya.

"Tungewahi," Tarumbeta aliuliza, "ingekuwaje?"

Daktari akavua miwani. "Ugonjwa ungekuja tu, dada. Usijibebeshe ugonjwa." Akasita. "Ila asingesimama mbele za watu."

Hilo alilibeba hadi nyumbani, na hakupata mahali pa kulitua. Alipunguza kazi za bendi akabaki na mazoezi ya Jumatano tu, akawa ndiye anayemwogesha Mwalimu, kumsuka na kumtembeza hadi kona na kurudi. Majirani walimsifu kwa moyo wake. Kila sifa ilimchoma.

Wiki nyingi baadaye, wakianika nguo uani, mumewe alisema, akiwa ameshika pembe moja ya shuka, "Mama aliwahi kuniita kwa jina la baba."

"Lini?"

"Kabla hamjaanza hata hiyo raundi ya kwanza. Aliniambia nimletee miwani, akaniita kwa jina la baba, na hakuona kosa." Akabana shuka kwa kibanio. "Nilinyamaza. Nyumba ilikuwa imetulia kwa mara ya kwanza. Mnacheka jikoni, wewe na yeye. Nikasema ngoja kwanza."

Walisimama na shuka kati yao. Tarumbeta alikuwa amedhani siku mumewe atakapolainika, mzigo utapungua. Haukupungua. Kila mmoja alikuwa na wake, ila sasa waliweza kuongea, na jioni ile mume alikaa jikoni badala ya kwenda sebuleni.

Mwalimu naye alikuwepo, amekaa mezani na blanketi magotini. Ilikuwa moja ya jioni zake njema. Alimtazama mkwewe akikata vitunguu.

"We Tarumbeta," akasema. "Yale mashindano. Tulishinda?"

Kisu kikasimama. Mume akainua macho.

"Hatukushinda, mama."

"Nani alikosea?"

"Mimi."

Mwalimu akatikisa kichwa, akasikitika kama alivyowasikitikia wanafunzi wengi. Kisha akanyoosha mkono juu ya meza, akamgusa kifundo cha mkono.

"Ulikosea swali gani?"

Tarumbeta alifuta macho kwa mgongo wa mkono wenye kitunguu, na ikawa vibaya zaidi. "La simu," akasema.

"Simu si somo," Mwalimu alisema, akavuta blanketi lake juu kidogo na kuuliza kama kuna chai.