Mikono ya Upande wa Kushoto

Mahali ninapofanya kazi, mtu hakandwi na mtu mmoja. Ndivyo Tabibu, mwenye nyumba hii ya Ayurveda, tiba ya jadi ya Kihindi, alivyotufundisha mimi na dada yangu. Mmoja husimama kulia kwa meza, mwingine kushoto, na mikono minne hupanda na kushuka pamoja, kutoka nyayoni hadi mabegani. Ukipaka upande mmoja ukaacha mwingine, husema Tabibu, umemrudisha mtu kwake akiwa amepinda.

Kushoto kulikuwa kwa dada. Homa ilimchukua kabla ya mvua, na tangu hapo nikapewa kazi ya kupasha mafuta ya ufuta na kufua mataulo.

Nyumbani, mama aliacha kulala. Chai aliinywa wima. Chakula alikula saa yoyote, au hakula kabisa. Usiku alishona, mchana akasinzia na sindano mkononi. Ngozi ilimkauka, vidole vikawa baridi, maneno yakaanza hapa yakaishia kule. Tabibu alipomtazama alisema ni upepo. Katika tiba yake mwili una upepo, moto na maji, na majonzi huuzidisha upepo mpaka ukapeperusha usingizi. Dawa si ngumu: chakula cha moto mchana, mtu amekaa, kulala na kuamka saa zile zile, mafuta ya uvuguvugu mwilini.

"Asipotulia," aliniambia pembeni, "na yeye utamzika."

Nilimleta siku yangu ya mapumziko. Nilipanga kumkanda peke yangu, kulia kwanza, kisha nizunguke.

"Leo nakaangwa," mama alisema akijilaza mezani. "Usije ukaniunguza upande mmoja."

"Lala, mama."

Nilipanda mguu wa kulia, nyonga, mkono. Uso wake ukalegea.

"Hivyo hivyo," alisema. "Ila mwambie asibonyeze sana gotini."

"Nani?"

"Huyo wa kushoto."

Nikazunguka meza. Mguu wake wa kushoto uling'aa mafuta hadi pajani, nao ulikuwa na joto kuliko ule niliotoka kuukanda. Bakuli la mafuta lilikuwa moja tu, na nilikuwa nalo mimi.

Sikumwambia mtu. Mimi hata salamu hunitoka kwa kusukumwa. Tena mama alilala usiku ule, na mwenye njaa hamwulizi mpishi jina.

Lakini kesho yake alikaa mlangoni na viatu miguuni. "Twende." Na kesho yake tena. Nikimwekea chakula alisema atakula akirudi; akirudi, anasema ameshiba. Upande wake wa kushoto ukawa laini kama wa mtoto. Wa kulia ulibaki mkavu hata nikiukanda vipi. Akaanza kutembea ameegemea kushoto, kama mtu anayesikiliza siri.

Jioni moja, tukikunja nguo, alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Anasema kule kuna nafasi."

"Nafasi ya nini?"

"Ya kulala."

Asubuhi nilimwomba Tabibu anipe yule msichana aliyeajiriwa karibuni, asimame kushoto. Sikueleza sababu, naye hakuuliza.

Msichana alikuwa na mashavu na maneno mengi. "Dada, mikono yangu kama imetoka kisimani," aliniambia tukinawa. "Mteja akiruka, nisilaumiwe."

Mama alipomwona alijiinua. "Huyu hapana. Hapo pana mwenyewe."

"Mwenyewe amemaliza kazi, mama."

Alinitazama mpaka nikaona haya. "Kwa hiyo wewe ndiye unayemfukuza. Uliyekula naye sahani moja."

"Ndiyo, mama. Ni mimi."

Nikamwashiria msichana aanze. Alipoweka mikono, mama alishtuka, akalia bila sauti, machozi yakimwingia masikioni. Msichana hakuacha. Mwendo hakuujua, alinipita, akanisubiri gotini, akanipita tena. "Pole, mama," alikuwa akisema. "Nami najifunza."

Tulipofika kiunoni, mikono mingine ilikuja juu ya mikono yangu. Niliijua. Ilikuwa ikinipa mwendo kama zamani, na ilikuwa na joto sana. Ningeweza kuiacha ikae. Hata leo najua ningeweza. Nikaendelea kupanda hadi begani, nikisema moyoni, dada, niachie mama.

Ikatoka, kidole kimoja kimoja.

Mama alilala pale pale, mchana kweupe.

"Anakoroma kama pikipiki mbovu," msichana alinong'ona.

Tulimfunika. Nilimgusa miguu, wa kulia na wa kushoto. Joto lilikuwa moja.

Alipoamka alimtazama msichana, akamwuliza, "Umekula?"

"Bado, mama."

"Na mchana wote huu? Ndiyo maana una mikono ya maiti. Haya, twende nyumbani tukale. Tena tukale tumekaa."

Mimi hakuniangalia. Waliondoka wameshikana mikono, msichana akiwa na maneno yake, nikabaki kupangusa meza. Upande wa kushoto niliupangusa taratibu, muda mrefu kuliko ulivyohitaji. Pale pa dada hapakuwa na mtu wa kunipisha.