Swali la Kwanza

Watu wote walimwita Dada, hata mumewe. Jina lilimganda tangu akiwa na miaka kumi na minne, mama yao alipofariki na kumwachia wadogo watano. Sasa alikuwa na wanawe watatu, mama mkwe ndani ya nyumba, na wafanyakazi tisa chini yake kwenye chumba cha kufulia mashuka ya hospitali.

Ijumaa moja wasimamizi wote waligawiwa fomu yenye maswali sitini ya kupima haiba. "Si mtihani," mkufunzi aliwatoa hofu. "Ni ya kukusaidia ujijue." Dada alirudi nayo nyumbani, akaketi mezani, akakwama palepale mwanzo: Je, unapenda kuwa peke yako?

Mumewe, fundi wa kuchomelea vyuma, alimchungulia begani. "Weka hapana, twende la pili. Wewe bila watu si utaugua?"

Kalamu haikusogea.

"Sijui," alisema Dada. "Sijawahi kuwa peke yangu."

Mumewe akaanza kucheka, kicheko kikamkatikia njiani. Ilikuwa kweli tupu. Mkewe alitoka kwenye kitanda cha kubanana na wadogo zake akaja moja kwa moja kwenye chake, na tangu hapo haujapita usiku bila mguu wa mtoto ubavuni.

Kesho yake asubuhi mumewe akawakusanya watoto na mama yake, waende kwa kaka yake mpaka jioni. Mama mkwe aligeuka mlangoni, mkoba kwapani.

"Mwanangu, usifue kitu! Nikirudi nikakuta nguo kwenye kamba, tutakosana."

Mlango ukafungwa. Dada alisimama katikati ya sebule kama mgeni anayesubiri kukaribishwa. Alitaka chai, akagundua hajui chai ya mtu mmoja huwekwa maji kiasi gani. Akamwaga, akapunguza, akamwaga tena, akajicheka kwa sauti. Kisha akajilaza kitandani katikati kabisa, mikono huku na huku. Machozi yakamtoka, wala hayakuwa ya huzuni. Alilala mpaka saa nane mchana, akaamka, akakaa tu.

Jioni mumewe aligonga mlango wa nyumba yake mwenyewe. "Tuingie, au tuzunguke kidogo tena?"

"Ingieni, jamani!"

Watoto walipotawanyika, Dada aliichukua fomu akaandika ndiyo. Mumewe aliliona jibu, uso ukamshuka. "Kumbe tunakuchosha."

"Mnanichosha, ndiyo. Lakini leo saa tisa nilianza kuwakumbuka. Miaka yote hii sijawahi kupata nafasi ya kuwakumbuka." Akamshika mkono. "Nipe Jumamosi moja kila mwezi."

"Chukua mbili," alisema mumewe.

Wakaendelea na maswali wakiwa bega kwa bega. Kwenye la kumi na tisa Dada aliinua macho. "Hili nakuuliza wewe. Je, ni rahisi kwako kuomba msaada?"

Mumewe alijikuna kidevu, akatazama mlango, akatazama sakafu.

"Mgongo unaniuma," alisema hatimaye. "Tangu mwezi wa pili."

"Na hukusema!"

"Nani angenisikia kwenye zogo lile?"

Dada aliweka kalamu chini. "Geuka," alimwambia kwa upole, akaanza kumkanda taratibu, akiuliza kila mara: hapa? Au hapa?