Staringi Aitwe Matheka

Mtu mzima mwenye akili zake hamwonei wivu mtu wa kwenye skrini. Matheka alilijua hilo vizuri. Hata hivyo, kila Jumapili baada ya kanisa, mkewe Mbeti alipojifunga leso na kwenda zake banda la video la Mama Shamis kule Majengo, wivu ulimshika hata chai ikapoa mbele yake.

Matheka alikuwa mchonga vinyago. Alitoa twiga, vifaru na miiko, na majirani walimsifu. Lakini Mbeti akirudi kutoka bandani hakuwa na habari na twiga. Alisimulia milima inayoelea angani, joka lenye magamba ya dhahabu, na mwanamume wa nywele ndefu anayekimbia juu ya maji.

"Baba Kathini, ungeona zile rangi," alisema, macho yakimng'aa.

Matheka aliyajua macho hayo. Aliangaliwa nayo mwaka mzima wa uchumba, kabla binti yao Kathini hajazaliwa na yeye kugeuka Baba Kathini. Sasa yalikuwa ya mtu asiyejua hata bei ya unga.

Jumapili moja alimfuata, akakaa nyuma. Picha ilikuwa nzuri, tuseme ukweli. Joka lilipokunjua mabawa, mabati ya banda yote yaligeuka dhahabu, na watu wakasahau joto. Maneno ya filamu hakuna aliyeyaelewa, kwa hivyo dijei, kijana aitwaye Keynan, alishika maikrofoni akasimulia kwa Kiswahili cha mtaa. Kama ilivyo desturi yake, staringi, yule shujaa wa filamu, alimpa jina la mtu wa pale pale. Siku hiyo alikuwa Bile muuza viatu.

"Chekini vile Bile anawanyorosha, wasee," alitangaza, shujaa akiwafyeka maadui kwa upanga.

Bile mwenyewe akasimama kule mbele akainama kama mheshimiwa. Mbeti alicheka mpaka akajifuta machozi. Matheka aliwachukia wote wawili, Bile wa viatu na Bile wa upanga. Akatoka na wazo.

Jumatano alimpelekea Keynan joka la mpingo, kazi ya siku tatu, kila gamba limechongwa peke yake.

"Jumapili, staringi aitwe Matheka."

Keynan aliligeuza joka mkononi. "Hii ni noma, mzee. Kwani kuna mtu unataka kumfurahisha?"

"Wewe mwite tu."

"Sawa. Utaruka mpaka uchoke."

Jumapili ilipofika, Matheka alivaa koti lake la harusi, akakaa ubavuni mwa Mbeti. Mwanamume wa nywele ndefu akatokea kileleni, theluji ikimzunguka.

"Wasee, huyu ndiye Matheka. Milima yote inamjua."

Banda likapiga makofi. Mbeti akageuka, akamtazama mumewe, akacheka na kumbana mkono. Matheka alifurahi waziwazi, mtu mzima na koti lake. Furaha hiyo ilidumu labda dakika moja. Kisha Mbeti akarudisha uso mbele, na ule mkono ukalegea taratibu.

Matheka akapaa juu ya mawingu. Matheka akakanyaga kichwa cha joka, upanga ukawaka buluu, na buluu hiyo ikajaa usoni mwa Mbeti.

"Matheka, nyuma yako," Mbeti alisema, nusu kwa sauti, kwa hofu ya kweli.

Miaka tisa hakuwa amelisikia jina hilo kinywani mwake. Macho nayo yalikuwa yale yale ya uchumba, yametazama mbele. Wivu ukarudi mbaya kuliko mwanzo. Hapo kwanza yule mtu alikuwa amechukua macho tu. Jina alikuwa amepelekewa na mwenye jina, pamoja na joka la mpingo.

Alimgusa mkewe kiwiko. "Mbeti."

Mbeti akainama mbele zaidi kuelekea skrini.

"Mbeti, mimi niko hapa."

"Baba Kathini, nyamaza kidogo," alisema bila kugeuka. "Matheka anapigana."