Mke Aliyekwenda Benki

Mtaa mzima wa Chumbageni ulijua kwamba Mastura, fundi cherehani, ni bahili. Aliyeitangaza habari hiyo kuliko wote alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, Hafsa. "Dada yangu mimi ukimwomba chumvi anakuuliza unaitia kwenye nini," Hafsa alikuwa akisema kwenye shughuli za watu, na wanawake wakivunjika mbavu. Maneno yale yalimfikia Mastura, maana Tanga ni mji wa kufikishiana, na yeye mwenyewe alikuwa akicheka. Damu yako ikikutania utafanyaje?

Na kubana, kweli alibana. Tangu yeye na mumewe Yasini waliponunua ile nyumba kwa mkopo wa benki, Mastura alijifunga kibwebwe. Nyama ikahamia sikukuu. Sukari ikawa ya kupima kwa kijiko, na aliyetaka kijiko cha pili alitazamwa mpaka akakirudisha. Kisimbusi kikakatwa, wakabaki na televisheni ya kufuta vumbi. Viatu vya shule vya mwanawe Rahimu vilishonwa na kushonwa tena, hata fundi viatu akasema, "Mama, sasa nashona uzi juu ya uzi." Lakini lililomuuma Mastura kuliko yote ni sare. Kila harusi ina sare yake, sare ni hela, na asiye na sare huishia uani na wapishi. Mastura akaacha kwenda. Akawa anazishona sare za wenzake barazani kwake, anawapima viuno, anawasikiliza wakipanga watakavyoingia ukumbini. Siku yenyewe ikifika anabaki nyumbani, anafagia vipande vya vitambaa.

Hakuna mtu anayezaliwa anapenda kuishi hivyo. Ule mkopo ulikuwa na riba, na riba ilimkaa Mastura kooni tangu siku ya kwanza. Yasini ndiye aliyemlainisha: tumechoka kupanga nyumba za watu, tukope, tulipe haraka, kisha tutubu. Mastura alikubali kwa sababu ya hilo neno haraka. Kila mwezi alimkabidhi mumewe kile alichokibana, na Yasini, aliyekuwa akinunua machungwa Muheza na kuyapakia kwenye malori ya Dar es Salaam, alisema anaongeza chake na kupeleka benki. Akirudi alikuwa na neno moja tu. "Tumepunguza, mama Rahimu." Neno hilo lilimshibisha Mastura kuliko nyama aliyoikosa.

Mwaka huu Shaabani ilipoingia, Mastura alikuwa na siri yake. Kwa hesabu aliyoiweka kichwani, deni lilikuwa limebaki mkia tu. Msimu wa harusi ulikuwa mzuri, cherehani haikupoa, na hela za kushona alizitenga bila kumwambia mtu. Alitaka aende benki mwenyewe, aukate ule mkia, arudi amwambie mumewe kwamba Ramadhani itawakuta nyumba imetoka kwenye riba. Njia nzima alikuwa akiyapanga maneno ya kumwambia, anatabasamu peke yake barabarani.

Benki alipelekwa kwa afisa mikopo, kijana mpole wa Kisambaa aitwaye Eliudi. Alilitafuta jina la Yasini kwenye kompyuta, akainua uso, akafurahi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Afadhali umekuja wewe. Mzee tukimpigia simu hapokei. Mbona umepungua hivyo, mama? Ulikuwa unaumwa?"

Mastura alishangaa. Hajakalia kiti cha pale tangu siku ya mkopo wenyewe, na siku ile aliyewahudumia alikuwa mzee mmoja mwenye miwani.

"Kwani tumeonana wapi mimi nawe?"

"Si hapa hapa! Mwaka jana, mlipokuja na mzee kuchukua nyongeza ya mkopo. Ulituchekesha wote siku ile." Eliudi akamtazama vizuri zaidi. "Na lile jino la dhahabu umelitoa? Lilikuwa linakupendeza, mama."

Ulimi wa Mastura ulipita kwenye meno yake, moja baada ya jingine, kana kwamba yeye naye hana hakika. Yalikuwa yote, meupe, ya Mungu. Katika dunia hii kulikuwa na mtu mmoja tu mwenye sura kama yake na jino la dhahabu mbele, na dhahabu yenyewe Mastura aliijua ilikotoka. Ilikuwa pete ya marehemu mama yao. Walikuwa waigawane. Lakini Hafsa alikuwa mwari, harusi yake ya kwanza imekaribia, na alikuwa ameanguka ngazini akavunjika jino. Mastura akamwambia chukua yote, ukavishe jino, bibi harusi lazima acheke.

Akauvuta mtandio mpaka puani.

"Nimelitoa," alisema. "Lilikuwa linanisumbua."

Asingesema hivyo, angesikia nusu tu ya mambo, na yeye alitaka kuyasikia yote. Akayasikia. Nyongeza ile ilikuwa kubwa kuliko mkopo waliouanza. Sheria inataka mke akubali kabla nyumba haijawekwa rehani, na mke alikubali, alitoa kitambulisho, akabonyeza dole gumba, akapiga na mizaha. Marejesho yalikuja kidogo kidogo, kisha yakakoma. Jumatano ijayo Eliudi angefika kuipiga nyumba picha, na baada ya picha kinachofuata ni mnada.

"Samahani sana, mama. Ndio utaratibu."

Mastura alikikumbuka kitambulisho. Yasini alikiomba siku moja mwaka jana, akasema mjumbe wa mtaa anaandikisha watu, na jioni alikirudisha kabatini pamoja na embe sita alizosema ni zawadi. Hela za cherehani zilikuwa bado kwenye mkoba, zimefungwa kwenye leso. Hakuzitoa.

"Jumatano mje saa saba," alimwambia Eliudi. "Mle na chakula."

Kijana wa watu akacheka, akadhani ni mizaha ile ile ya mwaka jana.

Kutoka pale Mastura alitembea kwa miguu mpaka nyumbani. Laiti angekuwa mke mwenza! Mke mwenza dini imemruhusu. Mwanamke hulia, hununa, hurudi kwao wiki mbili, mwishowe hujua pa kumweka. Dada aliyekwenda kukalia kiti chako, akajiita jina lako, akaiweka nyumba yako rehani huku anachekesha watu, humweki popote.

Mastura alimpa Yasini nafasi, na hili lazima lisemwe, maana baadaye watu walimwita mwanamke katili. Jioni ile alimwuliza kwa upole deni limebaki kiasi gani.

"Kidogo tu, mama Rahimu. Tumepunguza." Uso mkavu kabisa. "Ila mwezi huu ujitahidi kidogo, machungwa hayajakaa vizuri."

Hafsa naye alipata nafasi yake. Jumatatu alikuja na furushi la madera ya dukani kwake, akataka yapindwe chini, bure kama kawaida. Duka lile lilifunguliwa mwaka jana, la vioo, na Mastura hakuwahi kuuliza. Sasa akauliza mtaji ulitoka wapi.

"Mungu tu, dada," Hafsa akajibu, akacheka, na jino likameta.

Jumatano Mastura alipika pilau. Alinunua nyama ya mbuzi, zabibu, binzari nzima, na sukari kilo nzima kwa sharubati, vyote kwa hela za kwenye leso, wala hakuomba apunguziwe bei. Harufu ilifika kona ya mtaa. Akaliandaa sinia barazani, akamwita mumewe, akampigia simu mdogo wake, naye Hafsa akaja mbio na dera jipya.

"Leo kuna nini humu?" Yasini aliuliza, mkono umeshazama kwenye sinia.

"Leo tunamaliza deni," Mastura akasema.

Hafsa akapiga kigelegele cha utani. "Dada kafungua kabati! Jamani, niitieni majirani washuhudie!" Yasini hakucheka. Tonge lilikuwa limemsimamia mkononi, na alikuwa akilitazama geti, kwa sababu pale getini kulikuwa na kijana anabisha hodi.

"Karibu, mwanangu," Mastura akamwambia Eliudi. "Hafsa, mgeni wenu huyo."

Hafsa aligeuka mdomo umejaa pilau. Akaufumba. Eliudi alisimama na simu yake ya kupigia picha, akamtazama huyu, akamtazama yule: paji moja, macho yale yale, vidole vile vile.

"Samahani," alisema taratibu. "Mama yupi ni mke wa mzee?"

"Mke ni mimi," Mastura akasema. "Na nyongeza yenu siijui."

Hapo Yasini akarudiwa na ulimi. Tuingie ndani, mama Rahimu, tuzungumze, mambo ya ndani hayo. Alinunua mashamba mazima ya machungwa yakiwa bado mitini, bei ikaanguka, afanye nini? Angerudisha kila kitu kabla hajajua. Na Hafsa, yeye alipewa kidogo tu afungue duka, kwa vile alimsaidia Yasini.

"Kwa nini akusaidie?"

"Alinionea huruma!" Sauti ilimtoka Yasini kama mtu aliyeonewa yeye. "Wewe umetubana mno, Mastura. Mtu mzima mimi naulizwa nauli. Hafsa ni binadamu, aliona ninavyoteseka."

Kumbe wote wawili walikuwa wakimhurumia Yasini. Walikaa mahali, wakayapima mateso ya Yasini na kijiko chake cha sukari, wakaona aliyekosa ni mwanamke asiyevaa sare. Na kila shughuli ambayo Hafsa alisimama katikati na sare mpya akawachekesha watu kwa ubahili wa dada yake, sare ile ilikatwa kutoka kwenye ukuta wa nyumba hii.

Eliudi alikuwa ameiweka simu mfukoni. "Mama, hili si jambo dogo," alisema. "Kama aliyebonyeza dole si wewe, nyumba haiwezi kuuzwa kirahisi, lakini nitalazimika kulifikisha polisi. Nahitaji neno lako. Ulikuwa wewe, au hukuwa wewe?"

Yasini akamwinamia sikioni. "Sema ulikuwa wewe. Tutalipa pole pole. Utamfunga mdogo wako kwa sababu ya matofali?"

Hafsa alikuwa bado amekaza midomo, mashavu yamemvimba chakula, machozi yanamtiririka, anatikisa kichwa. Hivyo hivyo alikuwa akifanya utotoni akiwa hataki dawa, na Mastura ndiye aliyekuwa akimbembeleza mpaka anameza, maana mama yao alikuwa shambani. Mastura angeweza kusema nilikuwa mimi. Neno dogo tu, na amekwisha kuzoea kupunguza: nyama, sukari, harusi, viatu vya mtoto. Sasa apunguze na paa juu ya kichwa cha Rahimu, ili Hafsa aendelee kucheka.

"Mwanangu," alimwambia Eliudi, "mimi jino la dhahabu sijapata kuwa nalo maisha yangu."

Kisha akainama, akalishika sinia, akalisogeza mbali na mdogo wake.

"Dada!" Hafsa akapiga ukelele, kwa sauti ile ile ya utotoni, mdomo umempanuka, na dhahabu ya mama yao ikaonekana mpaka pale alipokuwa amesimama Eliudi.

"Ndiye huyu," Eliudi akasema.