Mita Kumi na Nane

Dada wa bima alipoona mtu mwenye ovaroli na sanduku la vifaa akisukuma mlango wa kioo, alinyoosha kidole hata kabla ya salamu.

"Friji iko kule nyuma, fundi. Karibu sana, tumechoka kunywa maji ya moto."

Mzee aliangalia kule nyuma, kisha akamwangalia yeye. "Friji yenu nimeisikia tangu mlangoni, inakohoa. Lakini mimi sikuitwa na mtu. Nimekuja kukata bima."

"Ya gari?"

"Ya kuzamia."

Mfanyakazi wa meza ya jirani, ambaye ofisi nzima ilimwita Chapchap, aliacha kuandika. Dada wa bima aliona haya, akavuta kiti. "Shikamoo mzee. Samahani, ni hiyo ovaroli."

"Marahaba. Hujakosea, mimi ni fundi wa majokofu kweli." Akaketi, sanduku katikati ya miguu. "Binti yangu anafundisha watu kuzamia na mitungi ya hewa, huko ng'ambo. Ameniita nimtembelee. Nimejifunza kwenye bwawa la shule moja ninayoitengenezea majokofu, na cheti ninacho. Ila ameniambia, baba, usije bila bima."

Dada aligeuza kompyuta ili waone wote wawili. "Hii ya kwanza ni ya bei nafuu, lakini isikudanganye. Wanasema michezo ya majini, maana yake kuelea na kupiga kasia. Ukishavaa mtungi, hawakujui. Hii ya pili inakulinda hadi mita kumi na nane. Hii ya tatu, hadi thelathini."

"Nipe ya tatu."

"Mbona haraka hivyo, mzee?"

"Kuna kitu nataka kukiona. Kiko mita ishirini na tano."

Hakusema ni kitu gani. Lilikuwa jiwe. Binti yake alilishusha chini ya bahari kumkumbuka mama yake, kwa sababu hakuwahi maziko. Mzee alikuwa ameliona kwenye picha tu, jeupe, limeegemea mwamba.

"Basi nikusomee masharti," dada aliendelea. "Hamna kupanda ndege siku uliyozamia. Siku nzima ipite kwanza. Ukikiuka, bima imekufa, na wewe mwenyewe unaweza kufa."

Mzee aliinua kichwa. "Hiyo ni sheria yenu hapa?"

"Ya kila mahali, mzee. Ni mwili wenyewe. Ukiwa chini, hewa inasukumwa mpaka inaingia kwenye damu, inatulia humo. Ukipanda angani kabla haijatoka, inageuka..."

"Mapovu," mzee alisema taratibu. "Inachemka. Kama gesi ya friji ukiifungulia ghafla."

"Hivyo hivyo! Umeeleza kuliko mimi."

Lakini mzee hakuwa anamsikiliza tena. Alikuwa anasikia simu ya siku ile ya msiba, nyumba imejaa watu, mkewe amelazwa chumba cha ndani. Binti alikuwa akilia upande wa pili. Baba, leo nimezamia, siwezi kuruka mpaka kesho jioni, nisubirini. Naye akamjibu mbele ya shangazi zake wote: "Maji yamekuwa ndugu zako kuliko sisi? Basi baki nayo." Wakazika. Binti alipofika, alikuta udongo umeshasawazishwa, na shangazi waliokuwa wameambiwa kwamba ametoa visingizio. Tangu hapo simu zao zilikuwa fupi. Hujambo, sijambo, haya baba.

Alitoa simu, akasogea hadi kwenye friji kule nyuma, akawapa mgongo.

"Baba? Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Niko kwa watu wa bima. Wameniambia habari ya ndege."

Binti akajibu kwa sauti ndogo: "Nilikuambia, baba."

"Uliniambia." Aliweka kiganja juu ya friji, ikamtetemesha mkono. "Mimi nimefanya kazi na gesi hizi maisha yangu yote, mwanangu. Nawakaripia vijana wangu wasifungue valvu haraka. Wewe ukanieleza jambo hilo hilo, nisikuulize hata swali moja. Nilikuwa nataka mtu wa kumkasirikia, ukapiga simu wewe. Nisamehe."

Alimsikia akivuta pumzi. "Nilikuwa nakusubiri useme hivyo, baba. Nikadhani hutasema." Akavuta kamasi. "Umewaambia kuhusu pumu?"

"Pumu ya utotoni hiyo, jamani."

"Waambie. Watakachoandika ndicho tutakachofuata, hata chini majini. Niahidi. Sitaki kuweka jiwe la pili."

"Nakuahidi."

Alirudi kitini, akasema yote kuhusu kifua chake. Uso wa dada ukabadilika. Chapchap akaegemea kutoka mezani kwake. "Mzee, si tubonyeze hapana tu kwenye swali la pumu? Nani atakupima kifua huko baharini?"

"Nimeahidi."

"Umemwahidi nani?"

"Mtu niliyemkosea."

Chapchap akarudi kwenye kazi yake bila kucheka.

"Ya thelathini hawatakukubali," dada alisema. "Ya kumi na nane watakubali, ukileta barua ya daktari."

"Sawa. Iwe hiyo." Mzee alikunja mikono. "Kitu kilicho ishirini na tano, mtu akiwa kumi na nane anakiona?"

"Kusema ukweli sijui, mzee. Mimi bahari nimeishia magotini."

Kabla ya kuondoka alipiga magoti nyuma ya friji na bisibisi yake. Hakuna aliyemwomba. Mikono tu ilitaka kazi.

Siku waliyozamia, maji yalikuwa meupe kama kioo kilichofutwa. Walishuka wakiifuata kamba, binti mbele, baba nyuma, mpaka kwenye utepe mwekundu ambao binti mwenyewe alikuwa ameufunga. Kumi na nane. Mzee akaushika.

Chini yake mwamba uliinama, na kwenye ubavu wake palikuwa na kitu cheupe. Huenda ndilo. Kutoka pale lilikuwa dogo kama kitufe cha shati, bila umbo, bila maandishi. Kifua chake kilikuwa kimetulia kuliko siku nyingi, hakuna hata mluzi. Alijua kwamba angeachia kamba angefika, na kwamba kwa umri wake hatarudi huku tena.

Binti alimgeukia, akamwangalia kupitia miwani. Hakumwonyesha ishara yoyote. Alisubiri.

Mzee alitumia mkono mmoja kufungua mfuko. Akatoa kibati cha shaba alichokitengeneza kwa bomba la friji, amelipasua, amelipiga nyundo likanyooka, na kutoboa kwa msumari neno moja, jina la utani alilomwita mkewe wakiwa wawili tu. Akamwekea binti kiganjani, akafunga vidole vyake juu yake.

Binti akashuka. Akawa mdogo, akapiga magoti kando ya kile kitu cheupe, akakaa hapo muda. Mapovu ya pumzi zake yalipanda moja moja, yakazidi kukua, yakamgonga mzee kidevuni na kupita. Mkono wa pili wa mzee haukubanduka kwenye utepe mwekundu.