Alichosikia Matroni

Kwetu Namatala, mtaa wa Mbale, mtu haugui peke yake. Ukikohoa asubuhi, adhuhuri haijafika jirani ameshaleta tangawizi pamoja na habari za mtu mwingine aliyekohoa hivyohivyo akafa. Nyumba ya mama yangu, Madinah, ndiyo ilikuwa kituo. Wanawake wa Kinubi walikuja na vikapu vyao kusuka, wakasukana na nywele, wakamsema aliyeolewa na aliyeachwa, chai ikichemka tangu alfajiri, na mimi katikati yao nikichochea. Nimelelewa na kelele. Nilikuwa najua nani ataachika kabla mwenyewe hajajua.

Likizo iliyopita daktari mmoja huko Mbale alimkalisha mama akamweleza kilichoonekana kwenye picha za tumbo langu. Alijaribu kwa Kiingereza, mama akamtazama tu. Akajaribu kwa Kiganda, mama akashika kiti. Neno alilolitumia ni kibumba. Kibumba ni ini. Lina uvimbe, uvimbe umeshaenea, hakuna cha kukata, na dawa zilizobaki ni za kutuliza maumivu. Kuanzia siku ile hakuna mtu nyumbani aliyesema ini. Ini ni kitu cha kukaanga na vitunguu. Walisema kibumba, tena kwa sauti ya chini, kama wanamtaja mgeni aliyelala chumba cha pili.

Basi kelele zikakatika. Wanawake walikuja wengi kuliko zamani, lakini walikaa kimya na vikapu vyao mapajani, wakinitazama. Shangazi Jamirah, ambaye hata imamu hasalimiki mdomoni mwake, alikunywa chai yake yote akaniuliza tu kama nimelala vizuri. Nilianza kumwogopa. Akiingia mlangoni nilijisikia kama nimeshavikwa sanda.

Nikamwambia mama nataka kurudi shule, Jinja, nimalize kidato cha nne na wenzangu. Kweli yenyewe ni kwamba nilitaka bweni. Chumba kimoja kimejaa wasichana, ndoo zinagongana, huyu analia kaibiwa soksi, yule anasimulia mchumba ambaye hayupo. Nilitaka nisife kabla ya kufa kwenyewe.

Mama alikataa, tukalia wote wawili, akakubali kwa sharti moja, kwamba nikifika tu niwaambie matroni na nesi wa shule. Alitaka aje aseme yeye. Nikamwambia, mama, mdomo ninao. Hilo halina ubishi, hata yeye alicheka.

Nikafika. Sikusema.

Matroni wetu anaitwa Janepher, mke wa askari magereza, mtu wa Lira aliyekulia kambini. Kiswahili chake ni cha kambi, cha kuamrisha, na sisi tulimwita Afande hata mbele yake. Kiganda kilimshinda zamani akakiachia wenyewe. Mimi kwa kuwa ni Mnubi, na kwetu Kiswahili ni cha nyumbani, tulielewana. Akitaka kumtukana mtu vizuri alinitafuta mimi, maana wengine wangepata nusu tu ya tusi. Kila siku nilijiambia leo namwambia. Namkuta anahesabu magodoro, au anamfokea mtu kwa kufua usiku, nageuka. Sikuogopa fimbo yake. Niliogopa kwamba nikimaliza kusema naye atanyamaza, watafunga sanduku langu, na kabla ya jua kuzama nitakuwa njiani kurudi kwenye kile kimya cha Namatala.

Sasa, shuleni kwetu kila muhula kuna upimaji. Wasichana tunapanga foleni mbele ya chumba cha wagonjwa, Nesi Brendah anambonyeza kila mmoja tumbo chini ya kitovu, matroni amesimama pembeni na funguo zake. Wanatafuta mimba. Anayetoka salama hucheka kwa sauti kubwa kuliko inavyohitajika. Tumbo langu lilikuwa limeanza kujaa maji. Nililikaza kwa leso ndani ya sketi, nikasimama kwenye foleni nikipiga soga kuliko wote. Ramula, ambaye kitanda chake kinagusana na changu, akawauliza wenzetu, huyu Swabrah leo kala nini. Lakini nilipouona mkono wa nesi ukizama kwenye tumbo la msichana aliye mbele yangu, miguu iliamua yenyewe. Nilikimbilia bafuni, nikajifungia, nikafungulia bomba ndani ya ndoo ili kilio kisitoke nje.

Matroni hakukimbia kunifuata. Nilimsikia anakuja taratibu, funguo zinalia kiunoni.

"Swabrah. Fungua."

Sikufungua.

"Wewe nakimbia nini? Iko na kitu gani tumboni?"

Meno yalikuwa yanagongana, maji yanapiga ndoo. Nikasema neno pekee nililokuwa nalo, lile la nyumbani. "Kibumba, Matroni. Ni kibumba."

Funguo zikatulia. Kisha akauliza, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Mimba?"

Nilitaka kusema hapana. Nilishafungua mdomo. Yeye akawahi.

"Sikia, mtoto yangu. Mimi pia nilipata mimba shule. Nilidhani dunia nakwisha. Dunia hapana kwisha. Wewe utaenda nyumbani, utazaa, utarudi. Siku hizi serikali naruhusu. Nasikia? Utarudi."

Tangu siku ya daktari, hakuna mtu aliyeniambia neno lenye "ta" ndani yake. Wote walinisemesha kwa leo tu: umekula, unaumwa, una kiu. Na huyu, mkali kuliko wote, amenipa utaenda, utazaa, utarudi, zote kwa mkupuo mmoja, kupitia mlango wa bafu. Nikafunga bomba.

"Ndiyo, Matroni," nikasema.

Jioni ile nilikuwa na mimba. Habari ilifika bwenini kabla yangu, na bweni likachemka kama nilivyolipenda. Walinigombania. Mmoja alitaka kujua ni mwezi wa ngapi, mwingine alishachagua jina, Ramula akaapa alijua tangu zamani kwa jinsi ninavyopenda ndimu. Walimtaja muuza miwa wa Walukuba, wakamtaja mwalimu, wakamtaja kaka wa mtu. Mimi nilikaa kitandani katikati ya kelele hizo, nimefurahi, na chini ya mbavu za kulia kile kitu kinanikumbusha kwamba kipo. Nilijua nimechukua kisicho changu. Nikajiambia nitakirudisha kesho.

Kesho ilikuja na matroni mlangoni. Alinipeleka ofisini kwa Madamu Mkuu, nesi akiwa ameshakaa. Madamu Mkuu wetu ni mwanamke mfupi anayejulikana kwa neno moja, hapana. Kuna msichana aliomba ruhusa akamwone dada yake akiolewa, akaambiwa dada huyo ataolewa tu hata asipokuwepo. Basi huyo ndiye aliyenitazama juu ya miwani akauliza mwanamume ni nani.

Nilikuwa natafuta pa kuanzia. Mimi ambaye sijawahi kukosa neno.

"Ni mpishi?" akauliza. "Alfayo?"

Sikujua kwamba watu walishamtaja Alfayo. Alfayo ni mtu wa Wanale, mlima ulio juu ya Mbale, ana mke na watoto huko kwao juu, na kwa kuwa sote wawili ni wa Mbale alikuwa ananiwekea ukoko wa posho, yaani ugali wa shule, tunasimama mlango wa jiko tunapeana habari za nyumbani, nani kauza shamba, mvua imemomonyoa wapi. Ndiyo hivyo tu. Lakini watu wameona msichana anacheka na mwanamume mlango wa jiko kila siku, kisha msichana ana tumbo. Mimi mwenyewe ningekuwa bwenini ningeunganisha vivyo hivyo, tena ningeongeza chumvi.

Bado sijajibu. Na kunyamaza kwa msichana, kwa kila mtu, ni kukubali. Matroni akashusha pumzi. Madamu Mkuu akavuta simu yake, akasema kwamba nina miaka kumi na saba, kwa hiyo hili si la shule tena, ni la polisi.

Kutoka dirishani jiko linaonekana. Alfayo alikuwa amepanda juu ya tofali, anakoroga sufuria kwa ule mwiko mrefu kama kasia, anagombana na moshi. Hajui lolote. Kidole cha Madamu Mkuu kilikuwa kinatafuta namba.

"Weka simu chini, Madamu," nikasema. "Hakuna mimba."

Nikafungua leso. Niliifungua mbele yao, mkunjo mmoja mmoja, kwa sababu mikono haikutaka kufanya haraka. Nikamwambia matroni kwamba nilisema kibumba, si mimba. Kibumba ni ini kwa Kiganda. Nikawaeleza yote ya Mbale, uvimbe, kuenea, dawa za maumivu, ahadi niliyompa mama. Nilisema kwa mpangilio mzuri kabisa, kama nasimulia ya jirani. Sentensi ya mwisho tu ndiyo ilinikwama, nikaisema kwa vipande. "Daktari amesema. Hakuna. Kupona."

Nesi Brendah aliinuka. Safari hii hakubonyeza chini ya kitovu, alipeleka vidole chini ya mbavu za kulia, na vidole vikasimama ghafla kama vimegusa sufuria ya moto. Akanivuta kope la chini akatazama unjano ambao wiki zote hizo nilikuwa nawaambia watu ni malaria. Akarudi kwenye kiti. Madamu Mkuu akamuuliza kwa sauti ndogo kama inaambukiza, nesi akasema kansa haiambukizi, huku akijifuta kiganja kwenye gauni bila kujua kwamba anakifuta. Matroni alisimama wima ukutani, mikono ubavuni, kama askari kwenye maziko ya askari mwenzake.

Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa vita. Nilijua watasema nyumbani, leo hii. Nikaomba kabla hawajasema. Nikaomba nibaki bwenini, si chumba cha wagonjwa, nilale na wenzangu, nifanye mtihani nao ukifika. Nilikuwa na hoja zimepangwa nyuma ya ulimi, na kama hoja zikishindwa nilikuwa na machozi.

"Ndiyo," akasema Madamu Mkuu. "Baki."

Hivyo tu. Nilidhani hakunisikia vizuri. Nikaomba nisamehewe mstari wa asubuhi. Akasema ndiyo. Nikaomba kuvaa kandambili badala ya viatu, jambo ambalo hakuna mtu amewahi kulitamka ndani ya ofisi ile. Ndiyo. Nikasema nataka kuongea na mama. Akaisukuma simu yake mezani, ileile iliyokuwa inatafuta polisi, akasema nikae nayo mpaka nitakapotosheka. Hakunitazama juu ya miwani. Alikuwa ameivua.

Nimekulia sokoni Namatala. Ukitaja bei yako ya kwanza, ile ya utani, na muuza samaki akakufungia bila kubishana hata kidogo, usifurahi. Ujue samaki ameoza. Nilikaa pale na simu ya mkuu wa shule mkononi, nimepewa kila nilichoomba, na ndipo nilipoogopa kweli. Daktari sikumwamini sana. Mama nilimwona analia lakini mama hulia hata kwenye harusi. Huyu mwanamke wa hapana ndiye aliyenithibitishia.

Sikumpigia mama. Nilitoka nje, matroni akanifuata. Jikoni Alfayo aliniona akaniinulia mwiko kunisalimu, nami nikashindwa kuinua mkono.

"Matroni," nikasema, "nikatalie kitu."

"Kitu gani?"

"Chochote. Nakuomba. Nikatalie."

Akanyoosha mkono. "Hiyo simu, lete. Mwanafunzi hapana kaa na simu."

Nikampa.

"Na viatu utavaa. Mimi hapana taka kuona kandambili darasani."

"Ndiyo, Afande."

"Mstari asubuhi unasimama kama watu wote. Ukichoka unakaa chini, lakini unakuja."

"Ndiyo, Afande."

"Kula kitandani, hapana. Kupiga kelele baada ya taa, hapana. Kusimama mlango ya jiko, hapana."

Alikuwa amenipa mgongo, anatazama ukuta, na sauti ilikuwa ileile ya kuamrisha, ila ilianza kukatikakatika. Hakuacha. Alikataza kukimbia, akakataza kuazimana nguo, akakataza kuimba bafuni, akakataza mambo ambayo hakuna sheria yake popote, kupaka wanja, kulalia kushoto, kucheka na wageni. Mimi nikawa naitikia kila moja, nimeshika ukuta kwa mikono miwili, nikimwomba Mungu Matroni asiishiwe la kukataza.