Kigeu Kisichohifadhiwa

Mapambazuko yalimkuta Verlene Pettiford akikung'uta chumvi ya barabarani kwenye viatu vyake mlangoni mwa chumba cha pampu, kama kila siku wakati wa baridi. Alitundika koti, akamimina kahawa kutoka kwenye chupa, akavuta kiti mbele ya skrini. Mashine inayoongoza maji ya mji wa Tillerton, Ohio, ilikuwa lazima izimwe na kuwashwa kila alfajiri, kwa kuwa isipopumzishwa ilianza kulisahau tangi la mlimani.

Mashine ikazima, ikawaka. Kabla mfumo wenyewe haujaamka, huamka kwanza programu ndogo ambayo kazi yake ni kuutafuta mfumo kwenye diski na kuuamsha. Programu hiyo haijui mengi. Inajua amri chache, na vigeu vichache, yaani maagizo mafupi ambayo mtu anaweza kuyabadilisha. Iliandika kwamba mwenye neno abonyeze kitufe chochote, kisha ikaanza kuhesabu kutoka tano kurudi nyuma.

Verlene alibonyeza, hesabu ikakoma. Akaandika amri ya kubadilisha kigeu kiitwacho mzizi, kile kinachoiambia mashine mfumo uanzie sehemu ipi ya diski. Akakielekeza kwenye sehemu ya pili badala ya ya kwanza. Kisha akaandika amri ya kuhifadhi, na mashine ikajibu kwamba mahali pa kuhifadhia pamefungwa. Ilijibu hivyo kila siku, naye alijaribu kila siku. Akaandika amri ya kuwasha. Pampu zikanguruma, na upande wa pili wa mji, kwenye maegesho ya magari ya uwanja wa mpira wa magongo wa barafuni, Mtaa wa Quince ukarudi mahali pake.

Ulikuwa umeanza kurudi tangu majira ya kupukutika majani. Siku moja ya majira hayo sehemu ya kwanza ya diski iliharibika, mashine ikakwama kwenye ile programu ndogo, na mji mzima ukawa unasubiri maji ya kuoga. Verlene alifungua mwongozo, akaomba kuonyeshwa kila kilichomo, akaikuta sehemu ya pili. Humo kulikuwa na mfumo wa zamani pamoja na ramani ya zamani ya mabomba, ambayo hakuna aliyehangaika kuifuta. Aliuwasha mfumo huo. Maji yalikwenda kila mahali yalikozoea kwenda, yakaenda hata Mtaa wa Quince, ambao ulibomolewa kabla Verlene hajazaliwa. Yalipofika huko yalikuta hakuna mifereji ya jikoni wala ya bafuni ya kutokea, basi mifereji ikaja, na nyumba zikaja na mifereji yake.

Mafundi walikuja wakatengeneza sehemu ya kwanza. Kuanzia hapo mashine, isipoambiwa vingine, ilianzia ya kwanza, na ramani ya kwanza ilisema kwamba pale pana lami tu.

Mama yake Verlene, Bi Ozella, aliikumbuka siku ya ukaguzi, kabla mtaa haujabomolewa. Alikuwa jikoni anakaanga samaki. Watu wawili wa mji waliingia na makaratasi, akawaambia habari za asubuhi, wakaitikia, wakaandika kwamba nyumba haina mtu. Waliandika hivyo mtaa mzima. Kwa kuwa hapakuwa na watu, hapakuwa na wa kulipwa fidia.

Wazee waliobaki wa Mtaa wa Quince walikuja kila siku kufagia vibaraza na kupika. Jioni walirudi kwenye vyumba vyao vya kupanga, maana kila alfajiri mashine ilipozima nyumba zilitoweka mpaka iwashwe tena. Ozella peke yake alikataa kurudi.

"Nimeshahamishwa mara moja," alisema. "Hiyo inanitosha."

Alihamishia huko kitanda chake, blanketi zake na kiti chake. Vitu hivi vilikuwa vyake, si vya nyumba, kwa hiyo nyumba ilipoondoka vilibaki. Kila alfajiri alikaa kwenye kiti juu ya lami, na jirani yake wa zamani, Mzee Purnell aliyekuwa kinyozi, alimshikia mwavuli.

"Mwanao leo kachelewa," Purnell alimwambia mara moja. "Labda kapata mchumba."

"Akipata atamleta kwanza nimkague. Hebu shika huo mwavuli vizuri, theluji yote inaniingia shingoni. Maisha yako yote umenyoa watu upande, na mwavuli nao unaushika upande."

"Ulikuwa unaniletea watoto wako niwanyoe."

"Kwa sababu ulikuwa karibu, Purnell. Si kwa sababu nyingine."

Kisha kuta zikaja, na paa, na jiko likiwa la moto, na Purnell akaenda nyumbani kwake, mlango wa pili.

Mkuu wa idara ya maegesho, Bwana Trumbauer, alikuja kwenye chumba cha pampu mwanzoni mwa Desemba. Alikuwa mtu mpole, mwenye skafu iliyofumwa na mkewe. Alisema ana malalamiko kumi na zaidi. Mtu mmoja aliegesha gari lake alfajiri mashine ikiwa imezimwa, na aliporudi alilikuta sebuleni kwa watu, limewekewa kitambaa cha mezani juu ya boneti.

"Bi Verlene, mimi sina ugomvi na nyumba," alisema. "Ugomvi wangu ni magari."

"Basi fungueni mahali pa kuhifadhia. Nihifadhi mara moja tu, mtaa utulie, na magari yatajua hapo si pake."

"Hilo linataka kura ya baraza."

"Na baraza linasemaje?"

"Linasema mtaa umeletwa na kigeu cha muda, na kitu cha muda hakina haki ya kudumu."

"Ni cha muda kwa sababu mmefunga."

"Ndiyo," alisema Trumbauer, bila ubaya wowote. "Hivyo ndivyo kilivyo."

Baraza halikuweza kumkataza Verlene kuandika amri. Sheria ya maji ilisema mhudumu aliyeko zamu ana haki ya kuingilia kati mashine inapoamka, iwapo atawahi. Kwa hiyo walishughulikia hilo neno kuwahi. Hesabu ya tano ikafanywa mbili. Verlene akawahi. Ikafanywa moja. Akaacha kunywa kahawa kabla ya kazi ili mkono usitetemeke, akawahi.

Wiki ya Krismasi wakamtuma fundi kutoka Columbus, kijana aitwaye Lukacs. Aliunganisha waya zake, akafanya kazi kimya, kisha akageuza kiti.

"Nimeweka sifuri," alisema. "Ndivyo nilivyoagizwa."

"Sifuri maana yake nini?"

"Haitahesabu tena. Itaamka na kwenda moja kwa moja. Itatupa jicho mara moja tu, kuona kama kuna kitufe kimeshabonyezwa."

"Kimeshabonyezwa."

"Kabla, ndiyo."

Verlene alimkatia kipande cha mkate wa mahindi, naye akakila amesimama huku akikunja waya.

"Ziko namba chini ya sifuri," Lukacs alisema. "Ukiweka hizo, haitazami kabisa."

"Na baraza linazijua?"

"Hawajaniuliza. Wameandika sifuri, nimeweka sifuri. Huu mkate umeweka siagi ya aina gani?"

"Mafuta ya nguruwe."

"Ahaa," alisema, akaondoka.

Jioni hiyo Verlene alikwenda Mtaa wa Quince. Mama yake alikuwa kitandani, kifua kimembana tangu Jumapili. Dirishani theluji ilikuwa inaanguka nene.

"Mama, leo tu twende ukalale kwangu. Kesho sijui kama nitawahi. Nikikosa, ni mpaka kesho kutwa. Ufunguo wa kuizima mashine saa nyingine uko kwa baraza."

"Ukikosa nitalala nje."

"Kwa kifua hicho?"

"Kifua ni changu." Ozella alikohoa, akasubiri kikohozi kipite. "Siku ile nilitoka mwenyewe, Verlene. Walisema tokeni, nikabeba mkoba, nikatoka. Nikiwa na mimba yako. Hakuna aliyenishika mkono. Safari hii, atakayenitaka nitoke aje anibebe pamoja na kitanda."

Verlene alimwongezea blanketi. Hakubishana tena, akaenda kulala mapema.

Alfajiri hakumimina kahawa wala hakuvua koti. Alikaa mbele ya skrini mashine ikiwa bado inafanya kazi, akaweka kidole kwenye kitufe kirefu cha chini kabisa cha kibodi, akakikandamiza, akakiacha hapo. Saa ya kuzima ikafika. Skrini ikawa nyeusi, na pampu zikanyamaza moja baada ya nyingine.

Kwenye maegesho, nyumba ziliondoka. Kitanda cha Ozella kilibaki juu ya lami, katikati ya mistari miwili myeupe, kimekaa sawasawa kama gari lililoegeshwa na mtu makini. Purnell alisimama kichwani mwa kitanda na mwavuli wake. Upepo ulitoka uwanjani. Mlinzi wa maegesho, akiwa kwenye mzunguko wake wa asubuhi, alifika, akatazama kitanda, akatoa kitabu chake cha faini. Aliuliza jina, akatajiwa.

Chumba cha pampu kilikuwa kimya. Verlene hakuondoa kidole. Alihisi kucha ikifa ganzi, akakandamiza zaidi. Skrini ikawaka. Hakuna hesabu iliyotokea, hakuna ombi lolote kwa mwenye neno. Ukatokea mstari mtupu, kisha alama ndogo ya kungoja amri.

Aliandika kwa mkono wa kushoto, kwa sababu kidole cha kulia kilikuwa bado hakitaki kutoka. Mzizi, sehemu ya pili. Akaandika amri ya kuhifadhi. Mahali pa kuhifadhia pamefungwa. Akaandika amri ya kuwasha.

Ukuta wa kaskazini ulikuja kwanza, ukasimama kati ya kitanda na upepo. Zikafuata nyingine tatu, na dari, na picha ya baba yake Ozella kwenye msumari wake. Purnell alijikuta amesimama chumbani na mwavuli wazi.

"Ufunge huo," Ozella alisema. "Nani anafungua mwavuli ndani ya nyumba? Unataka kuniletea mkosi?"

Verlene alipotoka kazini alimkuta mama yake ameketi, kikohozi kimelegea, bakuli la uji mzito wa mahindi wenye siagi mapajani. Mkononi alikuwa na karatasi ya faini. Aliisogeza karibu na macho, kisha mbali, mpaka akapata umbali unaofaa.

"Ozella Mae Pettiford," alisoma. "Herufi zote zipo. Wameandika kwamba nilikuwapo."

"Na anwani?"

"Maegesho C."

Nje, Mzee Purnell alikuwa anazoa theluji kwa koleo kutoka kwenye kibaraza chake na kuitupa kwenye kibaraza chao.

"Jina wamepata," Ozella alisema. "Anwani bado." Aliikunja karatasi, akaiweka chini ya bakuli. "Kesho Purnell aniamshe kabla ya saa ile, nivae gauni langu la kanisani. Wakija kuandika tena wanikute nimevaa. Na wewe, kidole hicho kina nini?"

"Hakina kitu."

"Kilete."

Verlene akampa mkono. Ncha ya kidole ilikuwa bapa, na haikuonekana kama ina nia ya kurudi ilivyokuwa. Ozella alikipaka siagi kidogo kutoka kwenye uji wake, akakifunga kwa kitambaa kwa kulegeza, ili kesho alfajiri kitambaa kitoke kwa urahisi.